TREI ZA MAYAI UKUTANI, MLANGO UNAVUJA!

Prodyuza mmoja wa Mbagala (jina kapuni) kajaza trei za mayai ukutani, anatamba eti studio yake ya nyumbani haipitishi sauti. Wapi! Mlango wenyewe wa plaiwudi, ndani mtupu, chini upenyo hata panya anapita. Trei zinapunguza mwangwi kidogo tu. Sauti inazuiwa na uzito, na kuziba upenyo. Si aende Keko, mafundi wamejaa: mlango wa mbao nzito, mpira kuzunguka fremu, mwingine wa kuziba chini. Thubutu, hela kamalizia kwenye taa za rangi za kupigia picha za Insta!

Chipukizi kauza maji Rangi Tatu mpaka kapata ya kurekodi. Honi ya bodaboda ikiingia kwenye vokali, anaambiwa arudie. Na kurudia analipia yeye.