Zulia "Lisilochomeka" ni Lipi?

Anunuaye zulia mjini Eldoret, mji uliojijengea jina kwa viwanda vya nguo, aghalabu huuliza mambo matatu: rangi, upana na bei. Akiuliza la nne, yaani moto, huenda akajibiwa kwa mkato: "Hili halichomeki." Jibu hilo ni tamu, lakini si la kweli.

Kisarufi, kauli ya kutendeka katika kitenzi hicho inadai kwamba hakuna moto uwezao kulichoma zulia hilo. Hakuna jaribio linalothibitisha dai kubwa kiasi hicho. Tutazame lile lililoanza kutumika Marekani mwaka 1971, baada ya moto wa Januari 1970 ulioenea kwenye zulia la makao ya wazee jimboni Ohio na kuua zaidi ya watu 30. Vipande vinane vya zulia hukaushwa, kisha kila kimoja huwekewa bamba la chuma lenye tundu la duara, upana wake sentimita 20 hivi. Katikati huwashwa kidonge kidogo, ambacho moto wake hukaribiana na wa njiti ya kiberiti. Zulia hufaulu iwapo, katika vipande saba au vyote vinane, alama ya kuungua haikufika sentimita 2.5 kutoka ukingo wa tundu. Kufaulu huko hakusemi lolote kuhusu pazia linalowaka au mtungi wa gesi uliolipuka.

Kiswahili hakikosi maneno ya kutenganisha mambo haya. Kitu hushika moto, huwaka, huungua, huyeyuka, hufuka moshi, huteketea. Sufu hushika moto kwa shida na kugeuka kaa. Nailoni huyeyuka na kunata mwilini. Umaskini umo katika matumizi yetu, haumo katika lugha.

Kwa hivyo ninapendekeza kila zulia liuzwalo nchini libandikwe maelezo ya Kiswahili: limejaribiwa kwa moto wa kiasi gani, na likatendaje. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaifanya lugha hii kuwa ya taifa na rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayoyahitaji. Maelezo yaliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa ni sawa na kunyimwa.

Wanafunzi 21 wa Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, waliteketea bwenini mwezi Septemba 2024. Si zulia lililowaua. Lakini shule, kama nyumba, imejaa vitambaa na magodoro ambayo hakuna aulizaye yanawakaje.

Chuo Kikuu cha Moi kinafundisha uhandisi wa nguo, na mwaka 2007 kilinunua kiwanda cha Rivatex. Wahandisi na wapime. Sisi wa lugha tuandike matokeo kwa maneno yanayoeleweka. Nanyi walimu, wafundisheni wanafunzi kumwuliza muuzaji: "Halichomeki kwa moto upi?"