Shirika Lisilo la Faida, Bosi Mwenye Faida?



Juzi tulikuwa tumekaa pale kwenye kibanda cha kuchajia simu. Mmoja wetu akatuonyesha video ya yale magari ya Marekani yanayoshindana mawili mawili kwenye mstari ulionyooka, yakitema moto. Yanapita kilomita 500 kwa saa, na mbio zinaisha hata hujahesabu mpaka tano. Tukashangilia. Halafu akasema, "Mnajua wanaosimamia hizi mbio ni shirika lisilo la faida? Kama haya ya hapa kambini." Tukacheka. Tulipotafuta tukakuta ni kweli.

Shirika lenyewe linaitwa NHRA. Lilianzishwa California mwaka 1951 na mzee mmoja, Wally Parks. Wakati ule vijana walikuwa wanashindana barabarani, ni hatari kwao na kwa wapita njia, na polisi wanawafukuza. Parks akaona bora watafutiwe uwanja, ziwekwe sheria, magari yakaguliwe. Yaani lilianza kama kikundi cha vijana, kama sisi. Leo lina televisheni, wadhamini wakubwa na tiketi, ila kwenye sheria ya kodi ya Marekani bado linahesabiwa chama kisicho cha faida. Na bosi wake analipwa mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka.

Hapo kijiwe kikagawanyika. Wengine wakasema huo ni wizi. Wengine wakasema kazi ni kazi, alipwe.

Sisi tumefikia hivi. Kwanza tuelewane kwenye maneno. "Lisilo la faida" haina maana kwamba pesa hakuna, wala kwamba watu wanajitolea. Maana yake ni kwamba halina mwenyewe wa kugawana kinachobaki mwisho wa mwaka. Kinachobaki kirudi kwenye kazi. Mshahara unaruhusiwa, mradi uwe wa kiasi kinachostahili kazi yenyewe. Tatizo ni hapo kwenye "kiasi". Nani anakipima? Ni bodi. Na bodi mara nyingi ni watu wanaofahamiana na huyo bosi. Kama faida haiwezi kutoka kwa mlango wa mbele, inaweza kutoka kwa mlango wa nyuma, imevaa nguo ya mshahara.

Hili si jambo la NHRA peke yake. Ofisi ya ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, nayo ilikuwa na hadhi hiyohiyo. Kamishna wake, Roger Goodell, aliwahi kulipwa dola zaidi ya milioni 44 kwa mwaka mmoja. Watu wakapiga kelele, na mwaka 2015 ligi ikaiacha hadhi hiyo yenyewe. Wengi walifurahi. Lakini angalieni kilichofuata: shirika lisilo la faida Marekani linalazimika kujaza fomu inayoitwa 990, yenye mishahara ya wakubwa, na mtu yeyote anaweza kuisoma. NFL ilipotoka huko, hiyo fomu ikaisha. Leo mshahara wa kamishna haulazimiki kutangazwa tena. Kelele zilifunga dirisha tulilokuwa tunachungulia.

Wapo wanaosema dawa ni viongozi wasilipwe kabisa. Tuangalie FIA, wanaosimamia Formula 1 kutoka Paris. Kwa miaka mingi urais wake umekuwa kazi isiyo na mshahara. Inasikika vizuri. Lakini nani anaweza kufanya kazi kubwa hivyo bure? Jean Todt, aliyeongoza 2009 hadi 2021, alikuwa ameshakuwa bosi wa Ferrari. Mtoto wa fundi gereji angekula nini? Kazi ya bure inachagua matajiri.

Hilo sisi tunalijua mwilini. Wakimbizi wengi wanaofundisha, wanaotafsiri na wanaohamasisha afya kambini hawalipwi mshahara, wanapewa motisha. Mkalimani anakaa meza moja na mfanyakazi aliyeajiriwa, saa zilezile, jua lilelile, na jioni kila mmoja anarudi na hesabu tofauti. Mwaka jana kwenye mkutano mmoja tuliuliza kwa heshima: katika bajeti ya mradi huu wa vijana, kiasi gani kinafika kwa vijana? Tukajibiwa kwamba hilo ni suala nyeti. Nyeti kwa nani?

Kaka na dada wa mashirika, msituelewe vibaya. Hatusemi mlipwe kidogo. Wengi wenu mmeacha familia mbali na mikataba yenu ni ya miezi michache. Tunachosema ni kwamba namba zisomeke, na anayepanga mshahara wa juu aangalie pia wa chini.

Lakini tuseme ukweli wote. Kikundi chetu kina kimfuko, kila mtu anachanga kidogo kila mwezi. Tulipomaliza kucheka bosi wa magari, dada mmoja akauliza, "Na sisi, mara ya mwisho kusomewa hesabu ilikuwa lini?" Kimya. Hakuna aliyeiba, ila hakuna aliyesomewa. Na mwezi ujao tunataka kukiandikisha kikundi rasmi, kiwe kisicho cha faida.

Basi tumekubaliana. Kabla ya kuandikishwa, hesabu zote zitabandikwa ukutani, pamoja na nauli na vocha za viongozi. Mweka hazina atapewa posho ndogo inayojulikana na kila mtu, ili asijikute anajilipa kimyakimya. Na posho hiyo itapangwa na wanachama, si na kamati.

Mkipita, karibuni msome. Na kama kuna mahali hesabu zetu hazikai sawa, tuambieni mbele ya watu.