Kubahatisha Si Wizi, Jamani

Nimekuwa kimya wiki nzima. Matokeo ya semista yamebandikwa Ijumaa na tangu hapo nina hasira, kwa hiyo leo mnivumilie. Mimi nimepita. Aliyenifundisha hilo somo amepata sapu.

Kisa chenyewe ni hiki. Pepa ilikuwa na maswali 60, yote ya kuchagua A mpaka D. Ukipata, maksi moja. Ukikosa, unakatwa robo. Ukiacha wazi, hupewi wala hukatwi. Kabla hatujaanza, lekchara akasimama mbele akatutangazia kwamba anayebahatisha ni mwizi wa maksi, na kwamba usipojua uache wazi.

Mwenzangu wa chumbani, binti wa Ukerewe, akatii. Nyumbani kwao ndivyo alivyolelewa, usichokijua usikisemee. Alijibu maswali 30 tu, yale aliyoyaamini. Akapata 24, akakosa 6. Ukitoa robo zake anabaki na 22.5 kwa 60, yaani asilimia 37.5. Kupita ni 40. Hapo ndipo sapu ilipomkuta.

Mimi nilijibu yote 60. Niliyokuwa na uhakika nayo ni 22 tu, machache kuliko yake! Yale 38 yaliyobaki nilikuwa nafuta jibu moja, nafuta mawili, nachagua katika yaliyobaki. Nikapata 17, nikakosa 21. Jumla 39, toa 5.25, nikatoka na 33.75, asilimia 56 na kidogo. Na usiku wa kuamkia pepa ni yeye aliyekaa na desa mpaka saa nane ananielewesha. Sasa niambieni, hiyo pepa ilipima nini?

Juzi tumekaa naye kitandani tukaipitia upya. Katika yale 30 aliyoacha wazi, 20 alikuwa ameshajua majibu mawili ambayo hayawezi kuwa sahihi. Yalibaki mawili mawili. Angechagua tu, kwa kawaida angepata kama 10 na kukosa 10. Kumi toa mbili na nusu ni 7.5. Angefika 30 kwa 60, nusu kamili. Alipoiona hiyo hesabu alinyamaza, halafu akasema, "Kwa hiyo nimefelishwa na adabu." Sikuwa na la kumjibu.

Ndiyo maana nasema kubahatisha kuna aina mbili, na lekchara wetu amezichanganya. Kuna ya kufumba macho na kudondosha kalamu. Hiyo ni sawa na kuweka mkeka wa timu ambazo hata hujawahi kuzisikia. Ya pili ni ya mtu anayejua nusu ya jambo na kuitumia hiyo nusu. Nenda pale Mwaloni, Kirumba, uwaulize wavuvi wa dagaa. Wanatoka usiku na taa zao, na mwezi ukiwa mkubwa wengi wanapumzika, maana taa haiwavuti dagaa vizuri kwenye mwanga wa mwezi. Je, mvuvi anajua dagaa wako wapi leo? Hajui. Lakini anajua wapi na lini hawapatikani, na kwa hiyo nusu analipa ada za watoto. Hakuna anayemwita mwizi wa samaki.

Najua mtakalosema, hasa nyie wa udaktari: mgonjwa habahatishwi! Kweli, na dozi usiyoikumbuka unafungua kitabu. Lakini mtu akija na homa, daktari anaanza na orodha ya magonjwa yanayowezekana, halafu vipimo vinayafuta moja moja. Malaria hakuna, haya, twende kwenye linalofuata. Kufuta yasiyowezekana ni kazi yake ya kila siku.

Wengine watasema bila kukata maksi mbumbumbu watapita kwa bahati. Hebu tupige hesabu. Mnaukumbuka mtihani wa darasa la saba, ule ambao tangu 2012 tulianza kusiliba fomu zinazosomwa na kompyuta? Masomo yalikuwa matano, kila moja maksi 50, jumla 250, na kufaulu kulikuwa kuanzia 100. Kwa maswali ya A mpaka E, anayesiliba bila kusoma atategemea kupata moja katika kila tano, yaani kama 50. Kufika 100 kwa bahati tupu ni ndoto. Alama ya kufaulia peke yake ilishamzuia. Sasa hicho kiboko cha kukata maksi ni cha nini?

Wamarekani nao walikuwa nacho. Mtihani wao wa SAT ulikuwa unakata robo kwa kila kosa, na mwaka 2016 wakaifuta hiyo adhabu. Miaka miwili kabla, mtafiti Katherine Baldiga alikuwa amechapisha kazi inayoonyesha kwamba adhabu ikiwepo, wanawake wanaacha maswali wazi zaidi ya wanaume wenye ujuzi uleule. Nilipoisoma nikamwangalia mwenzangu. Kumbe adhabu hiyo inampata mwoga na mwenye adabu, na anayejiamini hovyo anapeta.

Sheria haitabadilika kesho, kwa hiyo ndugu zangu, jilindeni. Soma kwanza utaratibu wa maksi. Kama hakuna kukatwa, kuacha wazi ni kutupa maksi ziwani. Kama ni robo kwa majibu manne, ukifuta hata moja tu, jibu. Kama kosa linakata maksi nzima kwenye Kweli na Si Kweli, hapo jibu pale tu unapoegemea upande mmoja kwa sababu. Anza na unayoyajua, kisha rudi. Jibu lenye "daima" au "kamwe" litilie shaka. Angalia vipimo, swali likiuliza lita na jibu liko kwa kilo, lifute. Maswali ya mbele mara nyingine yanataja jibu la nyuma. Ukipata sababu ya kubadilisha jibu, badilisha, ile ya "la kwanza ndilo sahihi" ni hadithi tu. Na hiyo "ukikwama weka C" mwachieni aliyeianzisha.

Kwa lekchara wetu, kama anasoma hapa: shikamoo mwalimu. Ukitaka kuwazuia wanaobahatisha, tunga majibu ambayo asiyesoma hawezi kuyafuta. Usitutishe mlangoni halafu uhesabu waliotishika kuwa hawajui.

Wenzetu wiki hii wanapanda meli kurudi Nansio. Yeye anabaki hosteli mpaka sapu, na hela ya kula imeshakwisha. Mimi nimeahirisha safari siku nne. Kila jioni tunakaa na pepa za zamani, na sharti letu ni moja: hakuna swali linaloachwa wazi bila kusema kwa nini. Jana kaacha matatu tu.

Mwenye desa za hilo somo aje chumbani. Na mwenye dagaa pia.