Kisiwa Kisicho na Watu: Neno Juu ya Santuri ya "Nude"

Wapo ndugu zetu walimu ambao, kila mazungumzo yanapofikia hadithi zisimuliwazo kwa muziki, hututajia santuri moja ya Waingereza: "Nude" ya bendi ya Camel, iliyotolewa mwaka 1981. Hutuambia kwamba humo mna kisa kizima, chenye mwanzo na mwisho, na kwamba ingefaa kusikilizwa darasani kabla ya somo la tendi. Sisi tumeisikiliza, tena si mara moja. Twasema bila kificho kwamba imetuvunja moyo, na kosa lake kubwa si la muziki bali ni la usimulizi.

Tusieleweke vibaya. Camel, iliyoanzishwa Guildford mwaka 1971, ni bendi iliyopunjwa sifa zake. Katika ule muziki wa roki ulioitwa progresivu, ambamo kipande kimoja chaweza kujaza upande mzima wa santuri, watu waliwakimbilia Pink Floyd, Yes na Genesis, nao Camel wakabaki na wapenzi wachache waaminifu. Gitaa la Andrew Latimer huimba vizuri kuliko waimbaji wengi, akiwamo, kwa heshima zake, Latimer mwenyewe. Hata katika "Nude" filimbi na saksafoni ya Mel Collins zingetosha kumfanya mtu anyamaze asikilize. Kwa hiyo lawama yetu si ya mtu asiyependa muziki huu. Twaipenda bendi hii, na ndiyo maana twaidai.

Kisa chenyewe kilichukuliwa katika maisha ya mtu halisi. Luteni Hiroo Onoda wa jeshi la Japani alipelekwa katika kisiwa cha Lubang, Ufilipino, Desemba 1944, akiwa na amri ya kuwasumbua maadui na kutojisalimisha kamwe. Vita vilikwisha 1945, yeye hakusadiki. Alikaa msituni hadi Machi 1974, alipofuatwa na aliyekuwa mkuu wake, Meja Taniguchi, ambaye wakati huo alikuwa muuza vitabu, akamsomea amri ya kuacha vita. Hiyo ni miaka 29. Katika santuri mtu huyu amepewa jina la Nude, linalorandana na lake. Twamwona mjini, anaitwa jeshini, anavuka bahari, anabaki kisiwani, anakamatwa, anarudishwa kwao kwa shangwe, anashindwa kuuzoea ulimwengu mpya, kisha anaondoka. Ni simulizi ya mtu mpole aliyesahauliwa na wakati. Msikilizaji humhurumia toka mwanzo hadi mwisho.

Lakini Lubang haikuwa msitu mtupu. Ilikuwa na wakulima na wavuvi, nao ndio waliokuwa "adui" wa Onoda na wenziwe watatu kwa miaka yote hiyo. Wenyeji wapatao 30 waliuawa. Ng'ombe walichinjwa, mavuno yakatiwa moto. Kozuka, mwenziwe wa mwisho, alipigwa risasi na polisi Oktoba 1972 walipokuwa wakichoma mpunga uliokwisha vunwa na wakulima. Mpunga huo ulikuwa chakula cha watu. Onoda alipojitokeza, alisamehewa na Rais Marcos. Wajane wa Lubang hawakuulizwa.

Haya yote hayamo. Santuri ina vipande 15, na katika majina yake yote hakuna hata moja linalowataja wenyeji. Kipo kimoja kiitwacho "Landscapes", yaani mandhari. Kisiwa kimepewa mandhari, hakikupewa watu! Nao watungaji hawawezi kujitetea kwamba habari hazikuwafikia, maana kisa cha Onoda kilitangazwa duniani kote mwaka 1974, pamoja na msamaha wake. Na hakuna asamehewaye pasipo kosa.

Watetezi hutujibu kwamba sehemu kubwa ya santuri hii ni ala tupu, na ala hazina mdomo wa kutaja watu. Jibu hili twalikataa kwa ushahidi wa Camel wenyewe. Mwaka 1975 walitoa "The Snow Goose", iliyotokana na hadithi fupi ya Paul Gallico. Hiyo haina maneno kabisa, wala mwandishi hakuifurahia. Hata hivyo Rhayader ana lahani yake, na binti Fritha ana yake, nasi twamtambua kila mmoja anapoingia. Bendi iliyoweza kumtambulisha msichana mdogo kwa noti chache ilishindwaje kumtambulisha mkulima mmoja wa mpunga? Haikushindwa. Haikumwona.

Na sisi, watu wa tendi, hatuna sababu ya kulistahi kosa hili kwa kuwa limepambwa kwa kinanda. Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, na hakuwa mtu wa kuficha yuko upande gani. Walakini Herekali, adui mwenyewe, hupelekewa barua, naye hujibu. Mtunzi alijua kwamba vita vya upande mmoja havisimuliki. Basi mwalimu atakayeitanguliza "Nude" kabla ya utendi kama huo atakuwa amewafunza wanafunzi kinyume cha somo.

Tukiri pia la kwetu. Wazee wetu wa Keya walipelekwa Burma mwaka 1944 kupigana na jeshi hilohilo la Japani, wakapita bonde la Kabaw katika mvua na malaria. Waliporudi, wengi wao hawakupata hata shangwe alizopata Onoda. Tulipoketi miguuni pao tulipenda kusikia habari za matope, mizinga na njaa. Ni nani kati yetu aliyewauliza habari za wanavijiji wa bonde lile, walikimbilia wapi, na mashamba yao yalikuwaje? Sisi hatukuuliza, na wazee hao wamekwisha.

Kwa hiyo hatusemi santuri itupwe. Ichezwe, lakini baada ya utendi, si kabla. Wanafunzi waisikilize hadi mwisho, wamhurumie Nude kadiri wapendavyo. Kisha mwalimu aandike ubaoni "Lubang, Oktoba 1972", na kila mwanafunzi atunge beti 12 za utenzi, msemaji akiwa ni mwenye mpunga ule unaoungua.