Kuhutubia si kusoma

Wapo wasomi wenzetu wanaoshikilia kwamba kuhutubia na kusoma hotuba ni mamoja. Sikubaliani nao hata kidogo, na toleo hili limezaliwa na ubishi huo.

Mnyambuliko wenyewe unatosha kuwajibu. Mtu anaweza kuhutubu tu, lakini hawezi kuhutubia pasipo wa kuhutubiwa: taifa, Bunge, wazee, umati uwanjani. Anayeinamia karatasi tangu salamu za itifaki hadi shukrani bila kuinua macho amesoma, na magazeti yaandike hivyo. Desturi zetu zinaijua tofauti hii. Wafanyakazi husoma risala, wakamkabidhi mgeni rasmi. Yeye ndiye hutazamiwa kuhutubia. Waziri wa fedha naye, kila mtu husema amesoma bajeti.

Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameivamia Kagera, Nyerere aliwaeleza wazee wa Dar es Salaam hoja ya vita kwa mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Hata waliozaliwa baada ya vita wanayataja. Msemaji huyo ndiye aliyeifasiri Juliasi Kaizari, tamthilia ambamo Brutus anatoa sababu zake za kumuua Kaizari na kushangiliwa, kisha Antony anashuka jukwaani, anawaweka watu duara kuizunguka maiti, anawaonyesha vazi lilivyotobolewa, tundu kwa tundu, na umati uleule unageuka. Brutus alihutubu vizuri. Antony aliwahutubia watu. Kenya nako, marais wamezoea kusoma hotuba za sikukuu kwa Kiingereza, kisha wakaiweka karatasi kando na kusema na wananchi kwa Kiswahili. Hapo ndipo uwanja huchangamka.

Katika toleo hili, makala ya khutba ya Ijumaa inaufuatilia mzizi wa Kiarabu wa neno hotuba kwa makini. Ile ya vichwa vya habari imesheheni mifano. Ya tatu inatetea karatasi kwa ajili ya usahihi wa takwimu. Kwa bajeti, nakubali.

Linaloniuma zaidi ni shule. Tunatahini hotuba kama insha: mwanafunzi hupewa alama kwa muundo na sarufi, na anaweza kumaliza masomo bila kusimama mbele ya wenzake hata mara moja. Kisha tunashangaa viongozi wakisoma. Nawaomba watunga mitaala waanzie hapa: mtahiniwa asimame, aseme bila karatasi, aulizwe maswali na wanaomsikiliza, na alama zitolewe kwa hayo yote.