Waliikataa Sura, Kasoro Ikawa Kwingine

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti, 2001, kampuni ya Nintendo ya Japani ilifanya maonyesho yake katika ukumbi wa Makuhari, mkoani Chiba, si mbali na jiji la Tokyo. Kitu kilichosubiriwa kwa hamu kuliko vyote kilikuwa mchezo mpya wa video wa mfululizo wa The Legend of Zelda, uliokuwa ukitengenezwa kwa ajili ya mashine mpya ya GameCube. Picha zilipoanza kuonyeshwa, watazamaji hawakumwona shujaa waliyemtarajia. Walimwona kijana mfupi mwenye kichwa kikubwa, macho mapana kama ya paka, amepakwa rangi bapa zisizo na vivuli vya taratibu, akikimbia huku na huko mfano wa vikaragosi vya sinema za katuni.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, hasa kutoka Marekani. Mchezo ambao hakuna mshabiki hata mmoja aliyekwisha kuushika mkononi ulitangazwa kuwa umeharibika. Wengine waliubandika jina la dhihaka, “Celda”, kwa kulichanganya jina la Zelda na jina la zile karatasi angavu ambazo wachoraji wa katuni walikuwa wakizitumia zamani. Walisema kampuni imewadharau, kwamba imewapa watu wazima kitu cha watoto wa chekechea.

Ni rahisi kuwacheka watu hao leo, na wako waandishi wengi ambao wamekwisha kuwacheka. Lakini kabla ya kuwacheka yafaa ikumbukwe jambo lililotokea mwaka mmoja nyuma. Agosti 2000, katika maonyesho kama hayo, kampuni hiyo hiyo ilionyesha filamu fupi ambamo Link, shujaa wa mfululizo huo, akiwa mtu mzima, alikuwa akipigana kwa upanga na adui yake Ganondorf. Nyuso zao, nguo zao na mwanga wa panga zao vilichorwa kwa namna ya kuiga uhalisi. Filamu ile haikuwa sehemu ya mchezo wowote. Ilikuwa ni kielelezo cha nguvu za mashine iliyokuwa njiani. Mtengenezaji alijua hivyo. Mtazamaji, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akiirudia picha ile moyoni mwake, aliichukua kuwa ni ahadi.

Mwenye kumwonyesha mtu nyumba ya ghorofa asistaajabu akisikia manung'uniko siku atakapomkabidhi kibanda, hata kama kibanda chenyewe ni kizuri na kinafaa kuishi kuliko ghorofa lile. Katika jambo hili mashabiki walikuwa na haki yao, na lawama ni ya wale walioitangaza mashine kwa kutumia sura ya shujaa huyo pasipo kueleza waziwazi kwamba hicho sicho kitakachouzwa.

Tena kuna suala la umri, ambalo waalimu watalielewa upesi kuliko watu wengine. Mchezo mmojawapo wa awali katika mfululizo huo, Ocarina of Time, ulitoka mwaka 1998, na uliuzwa zaidi ya nakala milioni 7. Mtoto aliyeucheza akiwa na miaka 12 alikuwa na miaka 15 picha mpya zilipotokea. Ni mwalimu gani asiyemjua kijana wa miaka 15? Ni mtu aliye katikati ya mto. Ameuacha utoto juzi tu, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna kitu anachokiogopa kama kuonwa na wenzake akiwa ameshika kitu cha kitoto. Yule wa miaka 40 hana hofu hiyo, wala yule wa miaka 8. Hasira nyingi zilizomwagwa juu ya macho ya yule kijana wa katuni hazikuwa hoja juu ya uchoraji hata kidogo. Zilikuwa ni hofu ya kuchekwa.

Lakini ukubwa wa mtu na uhalisi wa picha ni mambo mawili. Michoro ya Tingatinga, ambayo asili yake ni Dar es Salaam, haina vivuli, ndege wake wana macho makubwa kupita kiasi na chui wake hafanani na chui yeyote wa porini; hata hivyo haikuwahi kusemwa kwamba wanaoinunua na kuitundika ukutani ni watoto. Kwa nini basi uchoraji wa namna hiyo ukiingia katika mchezo wa video uhesabiwe kuwa ni upungufu wa akili?

Watengenezaji wenyewe walikuwa na sababu zao. Kiongozi wao, Eiji Aonuma, ameeleza kwamba walipojaribu kuendeleza sura ya mchezo wa 1998 hawakuona jambo jipya la kuwasisimua. Ndipo mchoraji Yoshiki Haruhana alipoleta kielelezo cha kijana mwenye macho makubwa, na wenzake wakaona mlango umefunguka. Inafurahisha kujua kwamba hata Shigeru Miyamoto, muasisi wa mfululizo huo, kwa maelezo ya Aonuma, alishtuka alipoonyeshwa picha hizo mara ya kwanza, akahofu kwamba hazitauzika. Kwa hiyo shaka haikuwa ya wasiojua tu.

Ufundi wenyewe si wa kitoto. Katika uchoraji wa kawaida wa kompyuta, mwanga unapungua polepole juu ya umbo, kutoka mahali peupe hadi mahali peusi, kama inavyokuwa juu ya chungwa lililowekwa dirishani. Katika namna hii ya katuni, kompyuta inaamriwa igawe mwanga huo katika ngazi chache tu, mbili au tatu, hata mpaka wa kivuli ukawa kama umekatwa kwa mkasi. Umbo ni lile lile, lenye mbele na nyuma, na mchezaji anaweza kulizunguka. Ila linaonekana kana kwamba limetoka katika kalamu ya mchoraji. Faida yake ilikuwa usoni. Kwa mashine za wakati ule, uso ulioigiza uhalisi ulikuwa kama kinyago kisichojua kucheka wala kulia. Uso wa katuni ulikuwa na hofu, mshangao, usingizi na hila. Yale macho mapana yaliyotukanwa yalikuwa na kazi: Link akipita karibu na kitu cha maana, macho yake yanakigeukia, na mchezaji mwerevu anajua kwamba hapo pana jambo. Sijui ni shabiki gani angeweza kulitambua hilo kwa kuitazama picha iliyosimama.

Mchezo ulitoka Japani Desemba 2002, ukafika Marekani Machi 2003 kwa jina la The Wind Waker. Gazeti la Famitsu la Japani, linalojulikana kwa ubahili wake wa alama, liliupa 40 kati ya 40. Wengi waliokuwa wakiulaani wakiwa mbali walinyamaza walipoushika. Msomaji aliyekulia Pwani, ajuaye tofauti ya kaskazi na kusi, hatastaajabu kusikia kwamba nguvu za mchezo ule zimo katika bahari: mchezaji anasafiri kwa mashua ndogo nyekundu kutoka kisiwa hadi kisiwa, na mashua haiendi vema mpaka upepo uwe nyuma ya tanga, kwa hiyo hana budi kuugeuza upepo kwa kijiti cha kuongozea muziki.

Hata hivyo mchezo ulikuwa na kasoro, tena si ndogo, na hapa ndipo penye kiini cha mjadala huu. Kuelekea mwisho wake, mchezaji analazimika kutafuta vipande 8 vilivyozama baharini. Kila kipande kina ramani yake. Ramani haisomeki mpaka alipe fedha nyingi za mchezo ili isomwe. Kisha arudi baharini, ageuze upepo, asafiri, ageuze upepo tena, apige mbizi ya mnyororo. Ni kazi ndefu na ya kuchosha. Aonuma mwenyewe alikiri baadaye kwamba mahandaki ya mafumbo yaliyokuwa yamekusudiwa yaliondolewa ili mchezo upate kutoka kwa wakati uliopangwa. Pengo lililobaki lilizibwa kwa safari.

Yaani kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, maelfu ya watu walipiga kelele juu ya mchezo huo na hakuna aliyeigusa kasoro yake halisi. Wala wasingeweza kuigusa. Picha ya awali haionyeshi ratiba ya kazi. Haionyeshi siku ambayo mkuu wa kazi anakaa na wenzake mezani, kalenda iko ukutani, na kuamua kipi kikatwe. Mtumishi wa ofisi yoyote inayochora ramani za majengo anaijua hali hiyo: wakaguzi watabishana asubuhi nzima juu ya rangi ya ukuta uliochorwa, na hakuna atakayeuliza bomba la maji taka litapita wapi.

Je, kelele zile hazikuwa na athari? Zilikuwa nayo. Mchezo uliuzwa zaidi ya nakala milioni 4, idadi ambayo kampuni nyingi zingeishangilia, lakini iliyo pungufu sana ikilinganishwa na ule wa 1998. Aonuma alieleza mwaka 2007 kwamba aliambiwa mauzo ya Marekani yalififia kwa sababu sura ya katuni iliwafanya wanunuzi wauone kuwa ni mchezo wa watoto, na kwamba yeye ndiye aliyemwendea Miyamoto kuomba atengeneze Zelda yenye sura ya uhalisi. Mei 2004, huko Los Angeles, picha za mchezo huo mwingine zilionyeshwa kwa ghafla: Link mtu mzima, juu ya farasi, katika nchi ya giza na vumbi. Ukumbi ulilipuka. Watu wazima walisimama wakapiga mayowe, na Miyamoto alitokea jukwaani akiwa ameshika upanga na ngao. Mchezo huo, Twilight Princess, ulitoka mwishoni mwa mwaka 2006 na uliuzwa zaidi ya nakala milioni 8.

Wako watakaosema kwamba hesabu hiyo imemaliza ubishi: wanunuzi walitaka uhalisi, wakapewa, wakalipa. Haiwezekani kulipuuza neno hilo, maana mchezo ule ulikuwa mzuri, na kampuni inayoishi kwa kuuza haina budi kumsikiliza mnunuzi. Ila mauzo ya mwaka wa kwanza hupima hamu, na hamu ni jambo jingine kabisa na uimara wa kazi. Picha zinazoiga uhalisi huzeeka upesi, kwa sababu kila mashine mpya huja na uhalisi ulio bora zaidi, na ule wa jana ukaonekana udongo mtupu. Filamu ile ya mwaka 2000, iliyowatoa watu machozi ya furaha, leo inatazamwa kwa udadisi tu, kama gari la zamani. Picha ya katuni haikuahidi kufanana na kitu chochote cha duniani, kwa hiyo haina cha kushindwa nacho.

Nintendo ilipotaka kuonyesha uwezo wa mashine yake ya Wii U, watengenezaji walijaribu kuhamisha michezo kadhaa ya Zelda katika picha zenye ung'avu mkubwa, na uliowavutia kuliko yote ulikuwa ni huo uliotukanwa mwaka 2001. Ukatolewa upya mwaka 2013. Ile safari ya vipande 8 ilifupishwa, hata vipande 5 vikawa vinapatikana bila ramani, na likaongezwa tanga jipya ambalo upepo huwa nyuma yake wakati wote. Macho ya kijana yaliachwa kama yalivyokuwa. Kilichobadilishwa katika sura ni mwanga, uliofanywa laini na wa kung'aa zaidi. Na picha za awali zilipotolewa, baadhi ya mashabiki walinung'unika vikali kwamba mwanga huo mpya unaiharibu ile sura bapa ya katuni waliyoizoea na kuipenda.