Jasho la Watunga Programu

Siku hizi kuna mkutano ambao babu zetu hawakuujua kwa jina, ingawa desturi yake wangaliitambua mara moja. Vijana wenye elimu ya kompyuta hukusanywa ukumbini siku mbili au tatu, wakapewa tatizo na kuambiwa watunge programu ya kulitatua kabla muda haujakwisha. Makampuni yanayotafuta wafanyakazi huketi pembeni yakitazama. Mkutano huo huitwa hakathoni.

Mnamo Juni 1999 watunga programu kumi wa OpenBSD walikutana mjini Calgary, Kanada, na mkutano wao hutajwa kuwa miongoni mwa za mwanzo kuitwa hivyo. Wale walikuwa mafundi wakisaidiana kazi yao wenyewe. Matajiri waliingia baadaye. Mwaka 2010 vijana wawili walianzisha GroupMe katika hakathoni mjini New York, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na Skype. Mwaka huo huo wa 2010 iHub ilifunguliwa Nairobi, na hapa petu Mombasa Swahilipot ikaanza mwaka 2016, karibu na Fort Jesus.

Mimi mikutano hii naiunga mkono. Seremala hajulikani kwa cheti, bali kwa mlango aliouchonga. Hata sisi watunga mashairi hatukuulizwa shahada. Mwenzako alikutupia fumbo mbele za watu. Ukilifumbua ulijulikana, ukishindwa ulijulikana vile vile. Mtoto wa Kisauni au Lamu asiye na jamaa ofisini hupata hapo nafasi ya kuonekana.

Lakini mpwa wangu alihudhuria mashindano kama hayo. Yeye na wenzake walikesha wakitunga programu ya kuwasaidia wavuvi kuuza samaki. Walisifiwa, wakapewa fulana, wakapigwa picha. Karatasi waliyoitia sahihi mlangoni bila kuisoma ilisema kwamba kila watakachotunga ni mali ya kampuni. Hakuna hata mmoja aliyeitwa kazini. Akaniuliza, "Mjomba, sisi tulifanya kazi au tulicheza?"

Chuoni tulifundishwa kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Sioni kwa nini jasho la mbele ya kompyuta lihesabiwe maji.

Wako wasemao kuwa kijana hulipwa kwa ujuzi na kwa kujuana na watu. Ujuzi ni mali, sikatai. Mwanafunzi wa useremala naye huchonga viti vya kujifunzia bila malipo. Lakini bwana wake akikiuza kiti kimojawapo sokoni, hicho si cha kujifunzia tena. Kina bei, na aliyekichonga ana fungu lake.

Basi nasema hivi. Masharti yasomwe kwa Kiswahili siku kadhaa kabla ya mashindano. Kilichotungwa kibaki mali ya waliokitunga mpaka kinunuliwe. Kampuni inayosema inatafuta wafanyakazi itaje mapema ina nafasi ngapi, na baadaye itangaze imeajiri wangapi. Tena mashindano yafanywe mchana, saa za swala zikiwekwa katika ratiba. Wazazi wengi wa pwani hawawaachi binti zao kukesha nje, na kila mkutano wa usiku huwafungia mlango wasichana wenye akili nyingi.

Wahenga walinena, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana wetu wameinama usiku kucha. Sasa ni zamu ya wenye makampuni.